UZI: Umepasuliwa kano ya goti? Usiliangalie goti peke yake, liangalie na shavu la mguu

Fiziyo_Chake (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Kila msimu wa mpira wa mchangani ukipamba moto, huku Pemba tunaletewa vijana waliokatika kano ya goti, ile ya ndani ambayo wachezaji wote siku hizi wanaiita ACL. Wanaojaaliwa kupasuliwa, iwe Unguja, Dar au India, wanarudi nyumbani na magongo, mguu umefungwa bandeji nene. Wageni wanajaa barazani na suali ni lile lile: goti vipi, utarudi uwanjani lini? Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, na nataka tuzungumze jambo ambalo haliulizwi kabisa: damu kuganda katika mshipa wa ndani wa mguu baada ya upasuaji huu.

Nisiwatie watu hofu bure. Wengi wanapasuliwa na kupona bila ya hilo. Katika nchi zinazoweka kumbukumbu vizuri, wanaopata dalili za damu kuganda baada ya kutengenezewa kano hii kwa kawaida ni mmoja katika mia au pungufu ya hapo. Lakini bonge la damu hiyo iliyoganda likimeguka kwenye mguu linapanda na damu mpaka moyoni, kisha linakwama kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa akiwa kijana mwenye afya zake, goti lenyewe limepona vizuri.

Kwa nini damu igande? Maelezo tunayotumia mpaka leo yanatokana na kazi za daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, katika karne ya 19. Mambo ni matatu: damu kutembea polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda kuliko kawaida. Upasuaji wa goti unaleta mawili ya mwanzo kwa kila mgonjwa. Paja linabanwa mkanda ili daktari asifanye kazi kwenye damu, mfupa unatobolewa, kisha mtu analala na mguu umenyooka kwa kuogopa maumivu. Shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu. Usipolikaza na kulilegeza, damu inatuama.

La tatu ndilo unalokuja nalo mwenyewe kutoka nyumbani, na ndilo linalotofautisha mgonjwa na mgonjwa. Kubwa kuliko yote ni kuwa umewahi kugandwa na damu huko nyuma. Kama imewahi kukutokea, mwambie daktari hata kama hakukuuliza, hata kama ni zamani. Linafuata la ukoo: mama, baba au ndugu wa tumbo moja aliyepata bonge la mguu au la mapafu, khasa akiwa bado kijana. Kuna saratani, kuna mimba na wiki 6 baada ya kujifungua, kuna vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni. Unene nao umo, na sigara. Umri pia: mtu wa miaka 40 anayecheza bonanza na wafanyakazi wenzake hayuko sawa na kijana wa miaka 19, ingawa kano iliyokatika ni ile ile.

Kisha kuna yanayotokana na upasuaji wenyewe. Ukikaa mezani muda mrefu, hatari inapanda. Ukitengenezewa kano zaidi ya moja, au ukakatwa na mfupa ili unyooshwe, inapanda tena. Ukifungwa plasta ngumu usiweze kukunja kifundo, shavu la mguu linakaa tu.

Dalili za mguuni: shavu kuuma au kukaza, uvimbe wa mguu mmoja, joto. Wekundu kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi hauonekani, kwa hiyo usiungojee. Dalili za mapafu: pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta pumzi, moyo kwenda mbio, kukohoa damu, kuzimia. Hizi za pili ni za kukimbizwa hospitali saa ile ile, usiku au mchana.

Maswali karibuni.

Winga_wa_Mchangani

Ahsante sana kaka. Mimi nasubiri tarehe yangu Dar. Nitarudi Unguja kwa boti kisha nipande nyingine mpaka bandari ya Mkoani, Pemba. Je, safari yenyewe si hatari?

Fiziyo_Chake

Suali zuri. Boti ya Dar na Unguja ni kama saa mbili, hiyo peke yake si kitu kikubwa. Tatizo ni siku nzima ukiijumlisha: kungojea bandarini, kukaa kwenye kiti chembamba mguu umening'inia, kungojea tena bandari ya Malindi pale Unguja, halafu safari ya Pemba na gari ya kutoka Mkoani. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa 2007 ulionesha kwamba safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa bila kujinyoosha inakaribia kuzidisha mara mbili hatari ya damu kuganda, na hao walikuwa wasafiri wa kawaida, hawakupasuliwa. Kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo inabaki ndogo, kama mmoja katika 6,000. Wewe utakuwa na mguu uliotoka kisuni, hesabu yako si hiyo.

Kwa hiyo, ikiwezekana, kaa Dar au Unguja kwa jamaa siku za mwanzo, usisafiri na bandeji bado mbichi. Ukisafiri, omba kiti cha pembeni, nyoosha mguu, na kila ukikumbuka vuta vidole kuelekea usoni kisha vibonyeze chini kama unayekanyaga breki. Kunywa maji. Najua wengi hawanywi maji botini kwa kuogopa kwenda chooni na magongo, na mawimbi ya mkondo wa Pemba yanajulikana. Mchukue mtu wa kukushika mkono, lakini maji unywe.

Anayerudi kutoka India kwa ndege ndiye wa kuzungumza na daktari wake kabisa kabla ya kukata tiketi.

Mzee_wa_Kojani

Vijana, mimi nimesoma yote. Sisi mguu ukivimba tulikuwa tunachua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, na damu chafu ikizidi mtu anapigwa chuku, anachanjwa na kunyonywa damu kwa pembe. Wangapi wamepona? Kila kitu sasa hospitali.

Fiziyo_Chake

Shikamoo mzee wangu. Kuchua kuna mahali pake, na mimi mwenyewe kazini nachua misuli iliyokaza. Lakini mguu uliopasuliwa ukivimba shavu usiku mmoja, kuuchua kabla ya kupimwa ni hatari ya kweli. Bonge liko ndani ya mshipa, halijashika vizuri. Ukiliminya, kipande kinaweza kumeguka kikaenda mapafuni. Naomba familia zote hapa zilijue hilo: shavu la mguu lililovimba baada ya upasuaji halichuliwi, halikandwi kwa maji moto, halipigwi chuku, mpaka kipimo kioneshe hakuna bonge. Na aliyeanzishwa dawa za kuzuia damu kuganda asipigwe chuku kabisa mpaka amalize, maana damu yake haikatiki upesi.

Mzee_wa_Kojani

Marahaba. Hilo la kumeguka sikulijua. Nitawaambia nyumbani.

Dk_Mifupa

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri. Naongeza mawili kama daktari.

La kwanza, uvimbe peke yake baada ya upasuaji wa ACL unachanganya. Daktari akichukua kano ya nyuma ya paja ili atengenezee mpya, mgonjwa anaweza kuvilia damu chini ya ngozi, alama za rangi ya zambarau zinazoshuka mpaka kwenye shavu, na maumivu nyuma ya goti. Hayo ni ya kawaida. Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayofanana, moja halina neno na moja linaua, na macho hayatoshi kuyatenganisha. Ile njia ya zamani ya kukunja kifundo na kuuliza "inauma?" haitegemeki. Kipimo cha damu kinachoitwa D-dimer nacho kinapanda kwa kila aliyepasuliwa, hivyo kikiwa juu hakikwambii kitu. Kinachojibu ni ultrasaundi ya doppler ya mishipa ya mguu. Kwa mapafu ni CT-skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa.

La pili, watu wasije wakadai sindano za kuzuia damu kuganda kwa kila goti. Uholanzi walifanya jaribio kubwa lililochapishwa 2017, wagonjwa zaidi ya 1,500 waliofanyiwa upasuaji wa goti kwa kamera. Waliochomwa sindano hizo, za dawa iitwayo heparini, waliopata bonge lenye dalili walikuwa asilimia 0.7. Wasiochomwa, asilimia 0.4. Yaani kwa upasuaji mdogo wa kawaida, kumchoma kila mtu hakukusaidia.

Fiziyo_Chake

Daktari, nakubali kuhusu kumchoma kila mtu. Lakini kukata kipande cha meniskasi, ile gegedu ya ndani ya goti, na kutengeneza ACL si kazi moja. Ya pili ni ndefu, inatoboa mfupa, na mgonjwa anakaa na magongo. Hata mwongozo wa Uingereza wa 2018 unasema daktari afikirie sindano kwa siku 14 kama muda wa nusu kaputi au ganzi umezidi dakika 90, au kama hatari ya mgonjwa kugandwa na damu ni kubwa kuliko ya kuvuja. ACL wengi wanazifika hizo dakika 90.

Dk_Mifupa

Sawa, na mwongozo unasema "afikirie", haukusema "ampe". Kijana wa miaka 20, mwembamba, havuti, ukoo wake safi, anaanza kutembea mapema: mimi simchomi, namsimamisha. Mwenye miaka 42, mnene, mvutaji: huyo nampa. Sindano zina gharama yake, si ya fedha tu. Goti likijaa damu linauma, linakakamaa, na wakati mwingine inabidi kurudi kulinyonya.

Fiziyo_Chake

Hapo tumekutana. Ninachokipigania ni kwamba hesabu hiyo ifanywe kabla ya kisu, kwa kila mgonjwa, na iandikwe kwenye faili. Wengi wanaokuja kwangu hawakuulizwa hata suali moja.

Binti_Jang'ombe

Mimi ni mmoja wao. Nacheza netiboli, nilipasuliwa goti mahali ambapo sitapataja. Nilikuwa natumia vidonge vya majira, hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujua kama vina uhusiano na goti. Shavu likaanza kukaza kama msuli uliopanda na haushuki. Niliporudi kuonana nao niliambiwa ni maumivu ya upasuaji, ninywe dawa za maumivu nipumzike. Nikapumzika kweli, nikakaa kitandani, mama ananiletea kila kitu. Halafu siku moja napanda ngazi za nyumbani, ngazi zetu za Mji Mkongwe mnazijua, nikashindwa kuvuta pumzi katikati. Niliposhika ukuta kifua kilikuwa kinanichoma upande mmoja kila nikivuta. Ndugu zangu wakanibeba. Skani ikaonesha bonge kwenye pafu.

Nimepona, alhamdulillahi. Lakini nataka kina dada wasome hapa. Si jambo la aibu kumwambia daktari wa mifupa unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Kama mumeo au mama yako yuko chumbani na hutaki asikie, omba uongee na nesi peke yako.

Nesi_Uzazi

Pole sana mdogo wangu, na ahsante kwa kusema. Nifafanue kidogo, maana najua kesho kuna watu wataviacha vidonge na mwezi ujao waje na mimba.

Vyenye shida hii ni vidonge vya mchanganyiko, vyenye estrojeni. Kwa upasuaji uliopangwa ambao utakuacha huwezi kutembea vizuri, kawaida huachwa wiki 4 kabla, na hurejewa ukishatembea sawasawa. Lakini huachi hivi hivi, unapewa njia nyingine ya kuziba pengo hilo. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vidonge vya homoni moja, ambavyo wengi wanapewa wakinyonyesha, haviko kundi moja na vile vya mchanganyiko. Nenda na pakiti yenyewe kliniki, usitaje rangi tu.

Na mimba yenyewe inagandisha damu kuliko vidonge. Kwa hiyo kuviacha bila mpango ni kukimbia mvua na kuingia mtoni.

Mama_Sikoseli

Mwanangu wa kiume ana sikoseli, amekatika kano akicheza skuli. Kuna aliyegusia sikoseli hapa? Sijaona.

Dk_Mifupa

Umefanya vyema kuuliza, mama. Sikoseli inaongeza hatari ya damu kuganda, na hata mwenye kubeba kinasaba kimoja tu, ambaye haumwi, hatari yake ya bonge la mapafu iko juu kidogo kuliko mtu mwengine. Kisha kuna ule mkanda wa kubana paja: damu ikikosa hewa na joto, seli zinajikunja. Haina maana asipasuliwe. Ina maana daktari wa damu, wa usingizi na wa mifupa wakae pamoja kabla, apewe maji ya kutosha, asipoe, na mkanda uzungumzwe. Kwa visiwa vyetu mimi napendelea kila mgonjwa asiyejua hali yake apimwe sikoseli kabla ya upasuaji. Hivyo vinasaba vya kugandisha damu vinavyotajwa sana Ulaya, kama Factor V Leiden, kwa Waafrika ni nadra, ila kwa koo zenye asili ya nje pia, ambazo hapa ni nyingi, historia ya familia iulizwe vizuri.

Ustadhi_Mtambwe

Nimesikia sindano hizo zinatengenezwa kutokana na nguruwe. Ni kweli? Na kama ni kweli, Muislamu afanyeje?

Mfamasia_Kiembesamaki

Ni kweli, ustadhi, na mgonjwa ana haki ya kujua. Heparini, pamoja na enoksaparini inayotumika sana, hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Ziko dawa ambazo hazitokani na nguruwe: fondaparinuksi ni sindano iliyoundwa maabara, rivaroksabani na warfarini ni vidonge, aspirini pia. Si zote zinafaa kwa kila mtu wala kila hatua, kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba hilo linakugusa, akutafutie mbadala kama upo. Kinachonisikitisha ni mtu anayekubali mbele ya daktari, kisha anazitupa nyumbani kimya kimya.

Ustadhi_Mtambwe

Jazakallahu khayr. Kwa upande wa dini, panapokuwepo mbadala wa halali unaofaa, ndio wa kuchukuliwa. Usipokuwepo na uhai uko hatarini, mlango wa dharura uko wazi, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria. Mwenye shaka amuulize mwanachuoni anayemuamini, lakini aulize kabla ya siku ya upasuaji, sio mguu umeshavimba.

Mfamasia_Kiembesamaki

Jambo jengine la dukani kwetu. Watu wakitoka kupasuliwa wananunua diklofenaki na ibuprofeni kama peremende. Ukiwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, hizo zinaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Anza na parasetamoli, na kila unaponunua dawa sema uko kwenye nini. Walio kwenye warfarini kuna na chakula: mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Hukatazwi, ila kula kwa kiasi kisichobadilika, usikae bila mboga wiki nzima kisha siku moja ule sufuria, halafu kipimo cha INR, kile cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda, kiyumbe.

Na tusiziite dawa za kuyeyusha damu. Zinazuia bonge lisikue na jipya lisizaliwe, mwili wenyewe ndio unaolimaliza taratibu. Ndiyo maana matibabu ni miezi 3 angalau, hata kama mguu umeshanywea.

Winga_wa_Mchangani

Sasa nikiwa nyumbani Mkoani, usiku, nitajuaje huu ni uvimbe wa kawaida au ule mwengine?

Fiziyo_Chake

Hutajua kwa uhakika, kama daktari alivyosema. Lakini kuna kitu cha kukusaidia kuamua. Tafuta futi ya kitambaa, ile ya fundi cherehani. Chini ya goti kwa mbele utapapasa kinundu cha mfupa. Pima sentimita 10 kwenda chini ya kinundu hicho, tia alama kwa kalamu, zungusha futi hapo bila ya kukaza, andika. Fanya hivyo hivyo mguu wa pili. Fanya kila asubuhi tangu siku ya kwanza, alama ile ile, mtu yule yule apime. Mguu uliopasuliwa ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, hicho ni kimoja kati ya vigezo ambavyo madaktari hutumia kukisia bonge. Ukiona jana ilikuwa moja na nusu na leo tatu, na shavu linauma ukilibonyeza, usingoje miadi. Nenda ukapigwe ultrasaundi siku hiyo hiyo, na ukifika sema maneno haya: "Nimepasuliwa goti, shavu limevimba, nataka niangaliwe kama damu imeganda." Usiseme mguu unauma tu, utapewa dawa za maumivu urudi.

Futi ikiwa haikuonesha tofauti lakini pumzi imebadilika, tupa futi, nenda. Wengine bonge linapanda mguu ukiwa haujavimba.

Na muda: mengi hutokea ndani ya wiki 2 mpaka 4 za mwanzo, lakini hatari inaendelea mpaka kama miezi 3.

Winga_wa_Mchangani

Nimeelewa. Mama yangu ni fundi, futi hazikosekani. La mwisho: upasuaji ukiangukia karibu na Ramadhani? Kama nitakuwa kwenye vidonge?

Mfamasia_Kiembesamaki

Kama ni rivaroksabani ya kutibu bonge, siku 21 za mwanzo ni miligramu 15 mara mbili kwa siku, kisha 20 mara moja, na hizo dozi zote zinataka chakula tumboni ndiyo zinyonywe vizuri. Ile ya mara moja inakaa sawa na futari: kula kwanza, kisha meza, kila siku wakati ule ule. Ile ya mara mbili haikai vizuri, kwa sababu futari na daku ziko karibu na mchana unabaki mrefu bila ya dawa. Katika hizo wiki 3 usifunge mpaka uzungumze na daktari wako, bonge bado bichi na kukosa maji kunaongeza shida juu ya shida. Siku utakazokula utazilipa ukipona. Na ukisahau kidonge usimeze futari yote ya vidonge kwa pamoja, njoo uniulize au mpigie aliyekuandikia.

Ustadhi_Mtambwe

Nathibitisha hilo la kulipa. Mgonjwa ameruhusiwa.

Winga_wa_Mchangani

Ahsanteni nyote. Mama mdogo aliwahi kuvimba mguu mmoja baada ya kujifungua akalazwa, hatukuwahi kuuliza ni nini. Leo namuuliza, na jibu lake nitampa daktari kabla ya tarehe.

Dk_Mifupa

Muulize kama alipigwa ultrasaundi na kama alichomwa sindano za tumboni au kumeza vidonge kwa miezi. Kama cheti cha kuruhusiwa bado anacho, kipige picha uje nayo.